Jinsi ya Kutunza Nguo za Sherehe, Vinyago na Samani za Kale kwenye Unyevu wa Dar

Masika yakikaribia, maswali ni yale yale. Kanga za kisutu za bibi zimetoka madoa ya kahawia, nizifue na nini? Kinyago cha mpingo kimefanya utando mweupe, nikipake mafuta gani? Kiti cha enzi cha babu kinadondosha unga chini, nikipige dawa gani? Anayeuliza mara nyingi ameachiwa kasha na marehemu, au ni mtunza vifaa wa kikundi cha ngoma, au ni mwalimu aliyepewa chumba kitupu na kuambiwa aanzishe makumbusho ndogo ya shule.

Ukiyatazama maswali hayo, yote yanauliza "niweke nini". Jibu langu karibu kila mara ni: usiweke kitu. Vitu vya kale vingi ninavyoviona vimeharibika hapa mjini havikuuawa na uzee. Viliuawa na vanishi, jiki, rangi ya viatu na oili chafu, vyote vikiwa vimepakwa na mtu aliyevipenda. Mwongozo huu ni wa kupunguza unyevu, jua, wadudu na mikono, basi. Unafaa kwa chumba kimoja cha nyumbani na unafaa kwa makumbusho ndogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kipima unyevu cha betri. Vile vidogo wanavyoweka wafugaji kwenye mashine za kutotolesha vifaranga vinatosha kabisa.
- Brashi mbili laini za kupakia rangi, mpya, moja ya nguo na moja ya mbao. Zisichanganywe.
- Kipande cha chandarua kisicho na dawa.
- Amerikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) mita kadhaa, iliyofuliwa mara mbili kwa maji ya moto mpaka wanga wa kiwandani uishe. Usitie maji ya kulainishia nguo.
- Mirija ya karatasi ngumu inayobaki vitambaa vikiisha. Zungukia maduka ya vitambaa Kariakoo uombe.
- Foili ya jikoni.
- Maboksi ya plastiki yenye mfuniko, yaliyoandikwa 2, 4 au 5 ndani ya ile pembetatu ya chini. Namba 3 iache dukani. Plastiki hiyo hutoa mvuke unaoharibu nguo na shaba.
- Penseli, utepe mweupe wa pamba, sindano, uzi wa pamba, daftari la jalada gumu.
- Tochi, barakoa na glavu za mpira.

Glavu na barakoa si mapambo. Vitu vilivyowahi kupita kwenye makusanyo ya zamani vingi vilinyunyiziwa sumu kama DDT, na sumu hiyo hukaa miaka mingi bila kuonekana wala kunuka. Kama hujui historia ya kitu, kishike kwa glavu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua chumba kabla ya kununua kabati. Kisiwe na ukuta unaopakana na bafu, wala dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Kama uko Kigamboni, Upanga au popote upepo wa bahari unapofika, chagua upande wa nyumba usioelekea baharini, kwa sababu chumvi hula shaba na misumari kimyakimya. Weka kipima unyevu na uandike namba asubuhi, saa nane mchana na usiku kwa wiki moja. Utaona kitu ambacho wengi hawakijui: chumba kile kile kina unyevu mwingi alfajiri na kidogo mchana. Kwa hiyo ile desturi ya kufungua madirisha asubuhi na mapema "hewa iingie" inaingiza maji. Fungua saa sita hadi saa tisa, funga kabla ya magharibi. Lengo ni kukaa chini ya asilimia 65. Ukipita 70 kwa siku kadhaa mfululizo, ukungu unaanza kazi.

Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Mbao hutanuka na kusinyaa kila siku, na mpingo hupasuka. Feni inayozunguka taratibu muda wote ni bora, na ni nafuu.

2. Andika kabla hujasafisha. Kila kitu kipate namba: mwaka kilipoingia, kisha nambari ya mfuatano, mfano 2025.14. Kwenye daftari andika ni nini, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, kasoro zake, kilitumika kwenye sherehe gani, nani alikileta na nani alikuwa nacho kabla yake. Piga picha kikiwa na rula pembeni. Kama ni kanga, nakili msemo wake kama ulivyochapwa, hata kama herufi zimekosewa.

Namba ya nguo iandike kwa penseli kwenye utepe wa pamba, kisha ishone pembeni kwa mishono miwili iliyolegea. Kinyago na kiti vifungiwe utepe huo huo. Usiandike kwa kalamu ya wino juu ya kitu chenyewe, na usibandike stika. Gundi yake huacha alama ya kudumu.

Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza kuliko nyingine zote. Kinyago kisicho na historia ni kipande cha mti kilichochongwa vizuri. Mama mkubwa anayejua lile joho lilivaliwa harusi ya nani yupo leo. Mfuate wiki hii, mwekee simu arekodiwe, na muulize pia kitu ambacho pengine hutapenda kusikia: je, hiki kinaruhusiwa kuonyeshwa? Mwana hiti wa Wazaramo ni mfano mzuri, na tuko kwenye ardhi yao hapa Dar. Ni kisanamu cha kichwa na kiwiliwili, hakina mikono, na kilihusu mwali aliyekuwa ndani akifundwa. Makungwi ndio wenye neno juu yake. Wakisema kikae kabatini kimefunikwa, kikae kabatini.

3. Kila kinachoingia kitengwe. Kiweke chumba kingine, juu ya shuka jeupe au karatasi nyeupe, kwa wiki mbili. Kila asubuhi tazama chini yake kwa tochi iliyolazwa ubavuni, ili mwanga upite juu kwa juu; unga wa mbao, maganda ya wadudu na vinyesi vidogo vitajionyesha vyenyewe. Kinachotoka safi ndicho kinachoingia kwenye mkusanyiko. Mdudu mmoja wa kutoboa mbao akiingia na stuli ya bure kutoka kwa jirani, hataishia kwenye stuli.

4. Wadudu wa nguo waue kwa baridi. Friza ya kawaida inayoshuka mpaka nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri inafanya kazi hii bila sumu yoyote. Kunja nguo kwa kulegeza, ifunge ndani ya amerikani, itie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kabisa kwa selotepu. Iache wiki mbili.

Tatizo letu ni umeme. Jaza maji nusu kikombe, yagandishe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kisha acha kikombe humo humo frizani. Ukiikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka wakati hukuwepo, na hesabu ya wiki mbili inaanza upya. Muda ukiisha, toa mfuko lakini usiufungue kwa saa 24. Ukiufungua ukiwa wa baridi, hewa ya Dar itatoa jasho juu ya nguo na utakuwa umeilowesha mwenyewe.

Njia hii ni ya nguo, mikeka ya ukindu, vikapu. Usiigandishe samani yenye pembe ya ndovu iliyopachikwa, wala kitu kilichopakwa rangi nzito, wala kinyago chenye mti, nta na nywele kwa pamoja. Kila kimoja husinyaa kwa kasi yake, kisha vinaachana.

Kuhusu vile vidonge vyeupe vya naftalini: sivitumii, na nisingependa uvitumie. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu kwetu. Majani ya mwarobaini yakinyauka ndani ya boksi yanaleta unyevu na ukungu. Karafuu zinanukia vizuri lakini mafuta yake hutia doa. Kama huwezi kuziacha, zifunge kwenye kijimfuko na zisiguse nguo. Udi nao ni wa nguo unazovaa. Nguo ya kale usiifukize, moshi wake ni masizi.

5. Toa vumbi la nguo, usiifue. Tandaza nguo mezani juu ya shuka safi. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, funga chandarua mdomoni kwa mpira wa pesa, punguza nguvu hadi chini kabisa, na upitishe mdomo juu ya nguo bila kuigusa. Kama huna, tumia brashi laini kwa kufuata uelekeo wa uzi, ukielekeza vumbi nje ya nguo. Ifanyie kazi hii mchana mkavu wa Julai au Agosti, wakati mvua ziko mbali.

Kwa nini isifuliwe? Chukua kisutu ya zamani, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Nyekundu yake yaweza kuchuja dakika ya kwanza ikigusa maji, na nyeupe ikishakuwa waridi haitarudi. Jaribu mwenyewe pembeni kabisa: lowesha ncha ya pamba, ibonyeze juu ya rangi kwa dakika moja, kisha itazame. Pamba ikipata rangi, maji hayahusiki tena na nguo hiyo. Na hata isipochuja, lile doa la hina upindoni, au mafuta ya nazi yaliyotoka shingoni mwa mvaaji, ni sehemu ya nguo. Limewekwa na sherehe yenyewe. Vumbi la kabatini ndilo halina haki ya kuwepo.

Joho na bushti zenye zari hazifuliwi, hazipigwi pasi na hazinyunyiziwi manukato. Ndani ya ile zari kuna chuma chembamba kilichozungushwa juu ya uzi. Kikikatika, ncha zake zinakereza kitambaa kila kikikunjwa.

6. Viringisha, usikunje. Mkunjo uliokaa miaka kumi ni mpasuko unaosubiri mtu wa kuifungua nguo. Funika mrija wa karatasi kwa foili, maana karatasi ya kawaida ina asidi inayogeuza nguo kuwa ya manjano. Juu ya foili zungusha amerikani. Kisha viringisha nguo pamoja na amerikani nyingine katikati, upande wenye nakshi ukitazama nje, bila kuvuta. Funga kwa utepe mpana. Kamba nyembamba hukata. Mrija ulazwe, usisimamishwe.

Joho ni zito mno kuviringishwa. Lilaze kwenye boksi refu, na kila mahali linapopinda weka soseji ya amerikani iliyojazwa vipande vya amerikani, ili pasiwepo mkunjo mkali. Kofia za kushona kwa mkono zijazwe hivyo hivyo zibaki na umbo la kichwa. Boksi la plastiki lifungwe mchana, kipima unyevu kikiwa chini ya 65. Ukilifunga usiku wa mvua unafungia maji ndani.

7. Vinyago. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na sehemu ngumu ya ndani mdudu haiwezi kirahisi. Anachokula ni ule mti wa nje wenye rangi ya maziwa, ambao wachongaji Wamakonde mara nyingi huuacha kwa makusudi kwenye kazi zao. Kwa hiyo ukiwa na tochi, kagua hapo kwanza.

Kusafisha ni brashi kavu tu, toka juu kwenda chini. Kwenye kazi ya ujamaa, yenye watu waliopandiana, zungushia pamba kwenye kijiti uingie nacho kwenye matundu. Usitumie taulo, nyuzi zake hunasa kwenye vidole na masikio ya sanamu na kuyavunja. Usipake mafuta ya nazi, ya kula, wala ya gari. Yanavuta vumbi, yanaganda na kuwa gundi, na mende huyapenda.

Pamba kavu ikitoka nyeusi, kinyago kilipakwa rangi ya viatu, pengine ili mti mwepesi uonekane mpingo. Iandike hiyo daftarini uiache. Kukikwangua hakutakigeuza mpingo.

Mapiko, yaani vinyago vya Wamakonde vya kuvalia kichwani kwenye ngoma, ni habari nyingine. Mengi yamechongwa kwa mti laini na mwepesi ili mchezaji aweze kucheza, na yana nywele za binadamu na nta ya nyuki. Hayo usiyapige hata brashi kwenye nywele. Yaweke juu ya kichwa cha amerikani iliyojazwa, uso ukitazama juu, mbali na taa yenye joto.

8. Samani. Kiti cha enzi kinyanyuliwe kwa mikono miwili chini ya kikalio, kamwe si kwa mikono ya kiti wala mgongo. Viungo vyake vingi havina msumari. Ukikivuta sakafuni, pembe iliyopachikwa inaruka. Kamba za kikalio zikiwa ni za asili, asikalie mtu, hata mgeni rasmi. Funga utepe kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine na hutahitaji kuongea.

Kasha lenye njumu za shaba lisipakwe dawa ya kung'arishia. Dawa hiyo inakula shaba kidogo kidogo, na mabaki yake hukauka meupe pembeni mwa kila njumu na kuingia kwenye mbao. Shaba iliyofifia ni shaba iliyojifunika. Iache.

Samani zote zisimame kwenye vipande vya matofali vilivyofungwa plastiki, sentimita 10 toka ukutani, ili uone nyuma. Mchwa hujenga njia yake ya udongo; ukiacha nafasi utaiona mapema. Na tafadhali, oili chafu na dizeli ni za nguzo za uzio.

9. Kuonyesha. Jua likishakula rangi hairudi. Nguo ipate mwanga wa kutosha kuona nakshi lakini usiotosha kusoma gazeti kwa raha, na isikae nje zaidi ya miezi mitatu kwa mwaka. Zamu zinasaidia: kisutu sasa, joho baadaye. Mbao zinavumilia zaidi, ila zisiwe dirishani.

10. Pita kila mwezi na tochi na daftari. Wakati wa masika pita kila wiki.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu kwenye nguo.* Itie mfukoni kwanza ili isisambaze, itoe nje ya chumba, ikaushe kivulini penye upepo. Ikishakauka kabisa na ukungu umekuwa unga, piga brashi ukiwa na barakoa, nje ya nyumba, upepo ukitoka nyuma yako. Ukipiga brashi ikiwa mbichi unaupaka. Jiki hapana. Jua kali hapana. Kisha rudi hatua ya 1, maana chumba ndicho kinachoumwa.

*Utando mweupe kwenye mpingo.* Mara nyingi ni ukungu juu ya mafuta au rangi ya viatu. Pamba kavu inatosha. Utando ukirudi ndani ya wiki, hamisha kinyago.

*Unga chini ya kiti.* Fagia, weka karatasi nyeupe, subiri siku tatu. Unga usiporudi, ni wa zamani uliodondoka kwa mtikisiko. Ukirudi, funga kiti chote ndani ya nailoni kikae peke yake, na uwaulize wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kabla ya kumwita mtu wa kupuliza dawa. Dawa ya kupuliza inalowesha uso wa mbao tu. Mdudu yuko ndani.

*Pembe imedondoka.* Okota hata punje, weka bahasha, andika namba ya kiti na mahali ilipotoka. Usiibandike kwa gundi ya papo kwa papo, haitoki tena bila kuvunja.

*Mpingo umepasuka.* Usijaze ufa kwa nta wala vumbi la mbao. Unyevu ukibadilika ufa utafunga kidogo, na ulichojaza kitaubana na kuupasua pembeni. Pima upana kwa rula, uandike, na utazame baada ya miezi sita.

*Doa la kutu kwenye nguo.* Tafuta pini au klipu iliyosahaulika na uitoe. Doa liache, ndimu na chumvi vinakula pamba pamoja na kutu.

*Amekuja mtu anataka kununua akasafirishe nje.* Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu vitu vilivyotengenezwa kwa matumizi ya jamii na utamaduni, na inataja hata milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Vinyago vilivyochongwa kwa ajili ya kuuzia wageni, kama vile vya soko la Mwenge, ni suala jingine. Kiti chenye pembe za ndovu kina kikwazo cha pili, kwa kuwa biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia 1990. Mnunuzi akikuambia kibali atakishughulikia akifika uwanja wa ndege, usimpe kitu, na usimruhusu hata kukibeba akakipige picha kwake.